Jina Lililotakiwa Kizimbani

Mume wangu anaijua sheria kuliko hakimu yeyote niliyewahi kufanya kazi mbele yake. Ameisomea kwenye kochi letu hapa Msambweni, miguu imenyooshwa juu ya stuli na sahani ya mihogo ya kukaanga juu ya tumbo, tangu alipostaafu udobi wa hoteli kule Diani. Ana tamthilia zake za mahakamani, za ng'ambo zilizotiwa sauti za Kiswahili, na akianza kuziangalia husemi naye. Humkatiza wakili wa kwenye runinga, humkanya hakimu, na mshtakiwa akiingia tu humtazama macho na kumtolea hukumu. "Huyu ndiye," husema. Na mara nyingi huwa ndiye.

Mimi kwa miaka kumi na tisa nilikuwa mkalimani katika mahakama moja ya huku kwetu kusini, ambayo sitaitaja. Kazi yangu ilikuwa kusimama baina ya kizimba na meza ya hakimu, nikayapokea maneno ya Kidigo na Kiduruma nikayatia katika Kiswahili au Kiingereza, na ya hakimu nikayarudisha yalikotoka mengine. Nilipofika nyumbani jioni, kabla sijavua buibui, bwana huyu alikuwa akiniuliza, "Haya, leo nani kaungama?"

"Leo kaungama feni," nilimjibu. "Imesema imechoka, ikazima."

Hakupenda. Alidhani namficha mambo makubwa.

Hayakuwapo makubwa ya kuficha. Katika runinga yake hakimu hugonga meza kwa nyundo. Wetu hakuwa na nyundo, alikuwa na kompyuta yenye herufi moja iliyokwama, na kila shahidi alipochangamka aliambiwa, "Polepole, naandika." Hebu jaribu kueleza jinsi ulivyopigwa, kwa vipande vya maneno manne manne, ukingoja uandikwe, kisha mkalimani arudie, kisha hakimu aulize, "Amesema jana au juzi?" Machozi hukauka yenyewe. Hakuna raia kumi na wawili waliokaa pembeni wakingoja kubembelezwa. Wakili harandi ukumbini akimzunguka shahidi. Yu papo hapo mezani kwake, na kama ana kesi nyingine Mombasa saa tano, atatazama saa yake kuliko anavyomtazama shahidi. Tena huyo wakili mwenyewe ni bahati. Wengi wa watu wetu walisimama peke yao, na karatasi zao ndani ya bahasha ya kaki iliyolowa jasho la mikono.

Halafu kuna kungoja, ambako runinga haiwezi kukuonyesha kwa sababu mtu angezima. Mtu ametoka Kinango alfajiri, mbuzi amemwachia jirani, ameketi kwenye benchi mpaka adhuhuri, ndipo aitwe kuambiwa kwamba kesi yake imepewa tarehe nyingine. Husema, "Ahsante, mheshimiwa," akaondoka. Nimezitafsiri ahsante hizo kwa miaka yote ile, na sikujua hata siku moja nizitie sauti gani.

Na kuungama kupo, ila hakuko pale anapokutarajia mume wangu. Watu huungama asubuhi, wanaposomewa mashtaka, kwa sauti ya chini, kwa kuwa wamechoka kabla hatujaanza. Namkumbuka mchunga ng'ombe mmoja aliyeshtakiwa kukata miti ya msitu. Alisema "ni kweli" kabla sijamaliza kumtafsiria shtaka lenyewe. Hakimu akamwonya na kumwachilia. Pale mlangoni nikamwuliza, "Kwani ulikata?" Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa na mtoto. Hakukata, akasema, lakini ng'ombe walikuwa hawajanywa tangu juzi, na angelikana angeitwa mara ngapi? Nilikasirika siku ile na hasira yenyewe sikuwa na pa kuitua. Nilipofika nyumbani nilimgombeza mume wangu kwa sababu ya sahani.

Runinga nayo haikukaa kwenye kochi letu tu. Ilikuja mahakamani na miguu yake. Nimewaona mashahidi wakiinua mkono wa kulia hata kabla hawajaambiwa wale kiapo. Nimemwona mama wa mshtakiwa, yuko benchi la nyuma kabisa, akisimama na kupaza sauti, "Napinga!" na askari akimshika bega kwa adabu, kaa mama, hapa hupingi wewe. Mawakili vijana ndio waliokuwa wameambukizwa zaidi: kile kifungo cha koti wanachokifunga wakisimama, ile hatua moja ya mbele, kile kimya kidogo kabla ya swali, kana kwamba kuna mtu anapiga muziki mahali. Nilicheka sana. Niliwaigiza nyumbani mpaka mume wangu akanuna. Mimi, nilivyojiona, ugonjwa ule haukunipata wala haukuweza kunipata, kwa kuwa nimeyaona ya ndani kwa macho yangu. Nyani haoni kundule.

Alikuja mama mmoja wa upande wa Kinango, mjane, rika la mamangu mdogo. Aliyemshtaki ni shemejiye, kaka mkubwa wa marehemu mumewe, ambaye alitaka mahakama imtoe katika shamba alilokaa na kulilima tangu alipoolewa. Dai la shemeji lilikuwa fupi. Ardhi yote imeandikwa jina la baba mkwe; baba mkwe amekufa; mwana aliyemwoa mama huyu amekufa naye; basi mama amekaa pale kwa hisani, na hisani imekwisha, pana mtu anataka kulinunua. Mama akasema si hisani. Sehemu ile walipewa, yeye na mumewe, baba mkwe akiwa hai na akili zake timamu, wakapanda mstari wa mikonge uwe mpaka. Akishindwa angetoka yeye na wanawe na wajukuu, na makaburi mawili angeyaacha kwa mnunuzi: la mumewe, na la binti yake aliyefia ujusini, kabla hazijatimia arobaini za uzazi.

Shemeji alikuja na wakili kijana kutoka Mombasa. Mama alikuja na leso zake mbili, na mkalimani, ndiye mimi, alimkuta hapo hapo mahakamani.

Alitoa ushahidi wake vizuri. Alieleza mvua ya mwaka ule ilivyochelewa, miche ya mikonge ilikotolewa, nani alichimba na nani alishika kamba. Hakimu, mwanamke wa bara, mpole, aliandika kila neno. Kisha wakili akasimama kumhoji, akafunga kile kifungo cha koti.

"Nani aliyewaonyesha mpaka?"

"Mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Mwenye mji."

"Huyo mwenye mji ana jina?"

"Ni baba."

Wakili akatabasamu, kwa sababu amefika alipokuwa akienda. Katika mji ule, yaani boma lao la ukoo, walikuwako ndugu watatu, baba mkwe na wadogo zake wawili, na mke wa mtoto wao huwaita wote baba. Ikiwa aliyeonyesha mpaka ni mmojawapo wa wale wadogo, basi aligawa kisicho chake, na mama hana kitu. "Baba yupi?" akauliza. "Tupe jina. Jina moja tu, mama, tumalize."

Nikatafsiri. Mama akanyamaza.

Mimi nilijua kwa nini, na ukiwatoa watu wa mji ule, nadhani ni mimi peke yangu ukumbini niliyejua. Mwanamke wa kule hamtaji baba mkwe wake kwa jina. Wala si woga. Ni heshima anayoingia nayo siku anapoolewa na kutoka nayo siku anapozikwa. Humzunguka kwa maneno: mwenye mji, baba, babu ya watoto. Na kwa vile mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu yake, mama hawezi kumwita hata mwanawe wa kumzaa. Mama huyu mwanawe wa kwanza alimwita Mzee tangu akinyonya. Kwetu Udigoni tumelegeza mengi, lakini mamangu mpaka leo akitaka kumzungumzia babu yangu, mkwewe, huinua kidevu kuelekea upande wa kaburi lake, nasi twaelewa.

"Mama, usiogope," hakimu akasema. "Taja tu."

Nikatafsiri: usiogope, taja tu. Mama akainama akatazama vidole vya miguu yake. Katika tamthilia, shahidi akifanya hivyo wakili humgeukia hakimu na kila mtu nyumbani ameshajua: huyu anaficha. Wakili wetu akamgeukia hakimu. Hakimu akaandika kwamba shahidi ameulizwa mara tatu na amekaa kimya.

Mkalimani ana sharti moja kubwa, asiongeze wala asipunguze. Kimya hakitafsiriwi. Lakini sharti lile lina mlango wake, na mlango nilikuwa naujua. Mkalimani anaweza kumwomba hakimu ruhusa aeleze jambo la desturi ambalo mahakama haiwezi kulijua. Maneno machache yalitosha: mheshimiwa, kwa ruhusa yako, kwao mwanamke hamtaji mkwewe, na aulizwe kwa njia nyingine. Wangemwuliza, ni baba aliyemzaa mumeo? Angeitika, na tungekwenda kula.

Sikuomba ruhusa. Nilikuwa na sifa yangu. Mahakimu watatu waliofuatana walinisifu kuwa mimi ni bomba safi, maneno hupita na hayachukui kutu, nami sifa ile nilikuwa nimeivaa kuliko buibui. Niliogopa kijana yule asije akasimama na kusema mkalimani anamtolea shahidi ushahidi. Angesimama kweli, tena kwa furaha. Basi nikakaa kimya changu kando ya kimya cha mama, mpaka hakimu akatazama saa na kutuambia turudi saa nane na nusu.

Nilimkuta nyuma ya jengo, amekaa kwenye msingi wa tangi la maji, hajala. Shahidi aliye katikati ya ushahidi wake hazungumzishwi na mtu juu ya kesi, na mimi ningekuwa wa mwisho wa kumzungumzisha. Nililijua hilo pia. Lakini moyo ulikuwa umenijaa. Nilimwona kama mtu anayezama huku kamba iko mkononi mwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, lile jina lazima ulitoe."

"Silitoi."

"Usipolitoa watasema aliyewapa ni mwingine."

"Hawajui? Huyo shemeji yangu hajui jina la babake?"

"Analijua. Ila hakimu ataka kulisikia kinywani mwako."

Akatikisa kichwa. Na hapo nikasema maneno ambayo mpaka leo sijajisamehe. "Kesi hii yote iko katika neno hilo moja," nilimwambia. "Ukilitamka, shamba ni lako. Ukilimeza, limekwenda." Niliyasema vizuri. Nilijisikia ninavyoyasema vizuri, nikatua panapostahili kutua, hata mkono niliuinua kidogo.

"Una hakika?" akaniuliza.

"Nimekaa humo ndani miaka kumi na saba, mama."

Kisha akavua ndara zake, akaniomba maji, nikampa chupa yangu. Akanipa mgongo akaelekea upande wa kwao, akamwaga maji kidogo chini, mara tatu, akasema na marehemu mkwewe. Alisema kwa Kiduruma, sauti ya chini, nami nilisikia kila neno. Sikuyatafsiri siku ile kwa mtu yeyote na hapa sitayatafsiri.

Saa nane na nusu wakili akarudia swali lake. Mama akalitaja. Lilitoka na mikwaruzo, dogo, kama kitu kilichokaa mahali bila kutumiwa. Jina la mkwewe na la babake mkwewe. Nikalirudia.

"Tafadhali alirudie," hakimu akasema, macho kwenye kompyuta. "Polepole, naandika."

Nikamwambia alirudie. Hakutarajia hilo, wala mimi sikulitarajia. Alishika ubao wa kizimba kwa mikono miwili akalirudia, polepole, kipande kwa kipande, kama alivyoambiwa. Benchi la nyuma walikuwako wanawake wawili wa mji ule, wake wa shemeji. Mmoja alijifunika uso kwa leso. Wa pili aliinuka akatoka nje. Shemeji mwenyewe, mzee mzima mwenye kesi, alikuwa kama aliyezabwa kofi na mtu asiyemdhania.

"Sina swali jingine," wakili akasema, akaketi. Kesi ya watu wengine ikaitwa.

Nilirudi nyumbani nina furaha ambayo nikiikumbuka naona haya. Mume wangu akauliza swali lake, leo nani kaungama, nami kwa mara ya kwanza nikamjibu sawasawa. Nilimhadithia yote, kuanzia kifungo cha koti mpaka lile jina, nikamwigizia na sauti zao. Alipunguza sauti ya runinga ili anisikilize, jambo ambalo sikuliona kabla ya hapo wala baada yake. "Basi kashinda," akasema. Nikasema, eeh, kashinda. Nikalala usingizi wa pono.

Hukumu ilichukua mwaka na zaidi. Tarehe ya kwanza hakimu alikuwa ugonjwani. Ya pili alikuwa amehamishwa, na mwingine aliyekuja ilibidi alisome faili upya. Katika muda ule wote habari za mama zilinifikia vipande vipande, kwa watu wa Kinango waliokuja na kesi zao. Wanawake wa mji ule hawali naye. Kumetokea msiba, mama amekwenda na kuni zake kama desturi, kuni zimepokewa lakini yeye hakupewa sufuria ya kushika. Akipita kisimani mazungumzo hukatika. "Kamtaja mkwewe mbele ya askari," ndiyo sifa yake mpya. Niliposikia nilijipa moyo: shida ya siku mbili, akishapata shamba lake watamrudia. Hivyo ndivyo mtu anavyojidanganya akiwa na uhakika.

Siku ya hukumu alikuja peke yake. Shemeji hakuja. Hakimu mpya alisoma mwisho tu, haraka, maana alikuwa na nyingine nyingi za kusoma: dai limetupiliwa mbali, mama asitolewe. Nikamtafsiria. Akainama, akasema, "Ahsante, mheshimiwa." Alipokwisha kupewa nakala yake akanifuata kwenye benchi la barazani.

"Nisomee yote, mwanangu," akasema. "Nataka nisikie nilivyosema."

Nikaanza. Ukurasa baada ya ukurasa, Kiingereza kile kirefu nikakifanya Kiduruma, naye akisikiliza na mkono shavuni. Hakimu alikuwa ametegemea vitu viwili. Cha kwanza ni mchoro wa wapimaji, uliochorwa zamani ardhi ilipokuwa ikigawanywa, wenye ule mstari wa mikonge na jina la mumewe kando yake. Cha pili ni maelezo ya shemeji mwenyewe, yaliyoandikwa siku alipofungua kesi, ambamo alisema kwa mkono wake kwamba ndugu yake alipewa sehemu ile na baba yao. Wakili kijana hakukiona, au alikiona akadhani hakimu hatakiona. Kwa hivi viwili, hakimu akaandika, mahakama imeridhika, na hakuna haja ya kuyachambua yaliyosemwa na mashahidi kwa midomo juu ya nani alipanda mpaka.

Karatasi zile mbili zilikuwamo ndani ya faili siku ile mama aliposimama kizimbani. Faili lile nililibeba mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, kutoka masjala mpaka meza ya hakimu.

Mume wangu, maskini, hana kosa. Runinga humwambia kwamba haki imekaa mdomoni mwa mtu, kwamba siku moja neno litatamkwa mbele ya wote na mambo yatakaa sawa, na nani asiyependa kuamini hivyo? Hata yule wa Kinango anayengoja tangu alfajiri huja na tamaa hiyo moyoni, kwamba leo atasikilizwa. Mimi ndiye niliyekuwa nimeona kwa miaka kumi na saba jinsi kesi zinavyoamuliwa na karatasi iliyobanwa kwa pini katikati ya karatasi nyingine, na bado, moyo uliponijaa, nilikimbilia kule kule kwenye kochi. Tena kuna baya zaidi ya hilo. Palikuwa na miiko miwili siku ile, wa mama na wangu. Wangu ulikuwa wa kazi tu, na una mlango. Nilimtaka avunje wake ili mimi nisiuguse wangu.

"Na pale nilipomtaja," mama akauliza, "hakimu amesema nini?"

Nikafunua kurasa upya, ingawa nilikuwa nimeshaona. Nilitaka kumtungia kitu. Lilikuwa jambo rahisi: asingejua, na karatasi isingenisuta.

"Hakusema kitu, mama."

"Hakuliandika jina?"

"Limeandikwa. Lakini lilikuwamo tangu siku ya kwanza, kwenye hati ya shamba."

Akatazama zile karatasi mikononi mwangu. "Basi ningenyamaza," akasema.

"Ungenyamaza, mama."

"Na wewe ulijua?"

"Sikujua. Nilidhani."

"Mbona uliniambia kama unayejua?"

Nikamwomba radhi. Nililia, na si kilio cha kuonyesha watu. Nilijificha uso na ile hukumu yake. Hakuniambia amenisamehe wala hakuniambia hakunisamehe. Alingoja nimalize, akazichukua karatasi, akazikunja mara nne na kuzifunga katika pembe ya leso.

"Shamba ninalo," akasema. "Lakini yule mwenye mji nitamkuta huko niendako, na ataniuliza ni nani aliyenituma."

Nikamtajia jina langu, langu na la babangu. Nililisema polepole, akalirudia mpaka akalishika.